Mkanda wa Wanawake Watupu

Nyumbani kwetu Mwananyamala kulikuwa na mkanda wa video ambao hakuna mwanamume aliyewahi kuutazama. Ulirekodiwa mama yangu mdogo alipokuwa anasingwa kabla ya harusi yake, shughuli ya wanawake peke yao, vichwa wazi, viuno vimeachiwa. Hata mpiga video alikuwa mwanamke, tena alitafutwa kwa tochi. Humo ndimo alimobaki mama yangu mzazi, akiimba na kucheza. Alifariki muda mfupi baadaye, nami nilikuwa mdogo mno, hata sauti yake sikuishika.

Bibi, mama yake, ndiye aliyenilea. Aliufunga mkanda kwenye kanga akauficha kabatini, na humo ukaota ukungu. Kila tukiuweka kwenye deki, chenga kwenye picha zimeongezeka. Sidii ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mjini, nikasikia kuna fundi karibu na hospitali anahamisha mikanda. Nikakimbilia huko bila kupanga maneno.

“Braza, nina mkanda wa wanawake watupu, nataka uniwekee kwenye sidii.”

Lo! Yule kaka aliangalia mlangoni kama kuna anayetusikia. “Sista, mie kazi chafu hizo sifanyi.”

Nilitamani ardhi inimeze. “Wanawake peke yao!” nikamwambia. “Wamevaa!” Alicheka mpaka machozi.

Bibi naye, aliposikia fundi ni mwanamume, akagoma. “Mwanangu alicheza akijua yuko na wanawake wenzie. Leo hayupo wa kujifunika. Nani atamfunika kama si mie?”

Nikamwambia mkanda unakufa, tutamkosa kabisa. Alinuna kutwa nzima. Kesho yake asubuhi akavaa baibui, akasema, “Haya, mke mwenzangu, twende.”

Dukani aliitikia shikamoo ya fundi vizuri tu, kisha akamwamuru ageuze kiti atazame ukuta. Mie akanipa mlango, nizuie wateja.

“Na sauti je, bibi?” fundi akauliza.

“Sauti haina nywele.”

Mkanda ilibidi uchezwe wote huku mashine inanakili, na picha ikichafuka fundi aguse kitufe ainyooshe. Sasa ataonaje naye katazama ukuta? Ikawa anauliza, Bibi anajibu.

“Chenga, bibi?”

“Zipo. Nyoosha. Eeh, hapo hapo!”

Alikuwa makini, utadhani kaajiriwa. Mara nikasikia sauti ya mwanamke inamtania bwana harusi kwa wimbo, nzito kidogo, ya mtu anayeimba huku anacheka. Nikajua ni mama.

“Chenga, bibi?”

Bibi alishasogea hadi kaziba kioo cha televisheni.

“Bibi, kuna chenga?”

“Hakuna.”

“Una hakika?”

“Nimesema hakuna! Acha kelele.”

Mkanda ulipokuwa unarudishwa nyuma ukakatika, ukungu ulikuwa umeshaumaliza. Nikasema potelea mbali, sidii tunayo.

Tulipoiweka nyumbani, shughuli yote ilikuwa safi, hata wapishi walionekana meno. Ila wimbo wa mama, toka mwanzo hadi mwisho, ulijaa chenga. Mara mkono, mara kipande cha kanga, mara nusu ya uso, basi. Nilipandwa na hasira huku nalia.

“Bibi! Si ulisema hakuna chenga?”

Alinishangaa kweli, bila hata haya.

“Chenga zipi? Mie nilikuwa namwona mwanangu.”

Akasogeza mkeka karibu na televisheni, akaniambia niurudie ule wimbo.