Machozi ya Mteja Kwenye Simu

Kabla sijaonana na dada huyo, nilikuwa nikimsikiliza mtandaoni karibu kila siku. Nilikuwa nimemaliza shahada ya sheria na natafuta ofisi ya kunipokea kwa mafunzo ya uwakili. Yeye naye alikuwa anatafuta, ila alikuwa na maelfu ya vijana waliomfuata mtandaoni wafundishwe namna ya kupata. Kaa wima. Tabasamu. Usionyeshe kwamba una shida. Nilifanya mazoezi ya kutabasamu chumbani kwangu mtaa wa Majengo, kule Meru, mpaka mashavu yakauma.

Ofisi iliyonichukua ikamchukua na yeye. Nilifurahi sana. Tulipewa meza moja, na wiki hiyo ya kwanza niligundua kwamba faili hakuwa anazisoma. Alizipanga nyuma yake zionekane kwenye kamera.

Asubuhi moja alikuja mama mzee, mjane, kutoka kijiji cha Ruiri. Mume wake alikuwa amefariki, na mashemeji walitaka kumtoa kwenye shamba. Wakili wetu alikuwa kortini, kwa hivyo mama akaketi nasi kungoja. Alianza kutueleza, na alipofika mahali walipong'oa mahindi yake akiwatazama, akalia. Nilitoka kumtafutia chai.

Niliporudi nilikuta simu imesimamishwa juu ya meza.

"Shosho, rudia hapo pa mahindi," mwenzangu alikuwa anamwambia. "Polepole. Na uangalie huku."

Mama akajifuta uso, akarekebisha kitambaa kichwani, akaanza upya. Akalia tena. Akataja na jirani aliyekuwepo mpaka wa shamba ulipopimwa, aliyekubali kuja kuwa shahidi. Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kimeru kama hiyo video ndiyo hakimu ataona.

Nilimwambia hapana, hakimu hataona, na nikamwomba mwenzangu aifute.

"Nitaficha sura," akasema. "Unajua hii itasaidia wangapi?"

Jioni video ilikuwa mtandaoni. Sura ilikuwa imefunikwa na ukungu, lakini sauti ilikuwa yake, na Ruiri ilitajwa wazi. Juu yake ameandika: Siku nilipojua kwa nini niliumbwa niwe wakili. Chini yake watu wamemwaga mioyo na pongezi. Hakuna aliyeuliza kuhusu mama.

Nilimpelekea wakili wetu video hiyo kesho yake. Aliitazama yote, akatikisa kichwa, nikadhani amekasirika.

"Watu wengi wameiona?" akauliza.

"Wengi."

"Mwambie siku ingine aonyeshe kibao cha ofisi."

Nilitoka humo nikitamani kunawa mikono.

Mashemeji waliiona pia. Mama alinipigia kuniambia jirani amekataa kuja kortini, na nikaenda naye Ruiri kumwona. Tulimkuta akiwakatia ng'ombe nyasi. Hakuacha kukata.

"Walikuja hapa," alisema. "Wewe utarudi Meru. Mimi naishi na hao."

Bila shahidi huyo, mama alikubali kuelewana nje ya korti. Alibaki na nyumba na kipande cha shamba kule chini ya mteremko, mahali maji husimama mvua ikinyesha. Alinishukuru. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba alinishukuru.

Niliomba kuhamia ofisi nyingine, nikapata Embu. Sasa naishi mtaa wa Majimbo na kijana mwingine anayefanya mafunzo kama mimi. Juzi tulikuwa tunakula, nikasikia sauti ya yule dada kutoka kwa simu yake. Alikuwa anafundisha namna ya kulinda siri za mteja. Alikuwa amevaa suti nyeupe, na alitabasamu vilevile alivyonifundisha nitabasamu. Niliweka sahani chini.

"Huyu dada anajua kazi," kijana huyo akasema.

Nikamweleza yote, mama, mahindi, jirani, kile kipande cha mteremkoni. Alinisikiliza vizuri, hata akasema ni vibaya sana. Halafu akainua simu tena, akaitazama ile video hadi ikaisha, kwa sababu ana mahojiano ya kazi hivi karibuni na anataka kujua atakachoulizwa.