Kidole cha Daktari na Mama Mkwe

Daktari wa Mwanza aliniambia saratani yangu ya tezi dume inakwenda polepole, kwa hiyo hanipasui, niwe naenda kupimwa tu. Kupimwa kwenyewe ni kwa kidole, sasa ningemwambia nani? Nyumbani Samuye nikasema naenda mnadani kununua ng'ombe. Mjinga mimi, mnadani naenda nimeoga, nimevaa chupi mpya, narudi bila hata mbuzi. Mke wangu akaamua nina hawara. Safari iliyofuata akanifuata na mama yake, mkwe ambaye nikimwona njiani huwa naingia porini kwa heshima.

Nimeinama, suruali magotini, daktari yuko kazini, pazia likafunuliwa.

"Yuko wapi huyo mwanamke?" mke wangu akafoka.

"Shikamoo, mama," nikamwambia mkwe.

Sauti ikatoka ndani ya khanga aliyojifunika uso: "Marahaba, baba. Endeleeni."