Sentensi Ndefu Mbele ya Nyati

Kila alfajiri, kabla mama mdogo hajaanza kukaanga maandazi ya kuuza, nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba yake kule Levolosi nikinyambua vitenzi vya Kifaransa. *Que je fusse venue, que tu fusses venue, qu'elle fût venue.* Wenyewe wanaiita *subjonctif plus-que-parfait*. Inakaribiana kidogo na -ngali- yetu: jambo ambalo lingalitokea kabla ya jingine, na mara nyingi halikutokea, likabaki kutamaniwa au kujutiwa. Wafaransa hawaisemi tena midomoni, wanaiandika tu, tena kwa nadra. Hilo nililijua. Lakini nilipokuwa chuo kikuu ndiyo iliyoniharibia mtihani wa mwisho, nikaamini kwamba yeyote atakayenijaribu maishani atanijaribu hapo hapo.

"Unasali?" mama mdogo aliniuliza siku moja, mikono imejaa unga.

"Nasoma, mama."

"Mbona unasoma kama mtu anayeomba msamaha?"

Kaka yangu alipomaliza chuo, serikali ilimwandikia barua: nenda wizara fulani, ripoti siku fulani. Nilipomaliza mimi, barua hizo zilikuwa zimekoma. Mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa, na mjini kila mwenye Landrova mbili alikuwa amefungua kampuni ya utalii. Nilizunguka na cheti changu mpaka bahasha ikachakaa. Kampuni moja tu iliniita. Mwenyewe alikuwa Mhindi mtu mzima, mzaliwa wa hapa hapa Arusha. Alikisoma cheti mbele na nyuma.

"Hii ni karatasi," akasema. "Mimi nataka kusikia ndani ya gari. Jumanne kuna wageni Wafaransa, mzee na mke wake. Utawapeleka hifadhini Momela, mnarudi jioni. Dereva akisema unafaa, kazi yako. Akisema hufai, basi binti yangu, usinichukie."

Kuanzia hapo chakula hakikupita. Nikiulizwa jina la ndege nisiyemjua? Nikisema twiga ni wa kiume, na Kifaransa humwita kwa jinsia ya kike? Nikikohoa katikati ya sentensi, wataona nimesahau? Nilirudi kwenye ndoo yangu na vitenzi, kwa sababu vitenzi angalau vina mwisho.

Dereva alikuwa Mmeru wa Kikatiti, wa umri wa baba yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomi. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Chukua ndizi hapo mbele."

Asubuhi ilikwenda vizuri, na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi. Bibi wa Kifaransa, nywele nyeupe na fimbo mkononi, aliniambia ninaongea kama barua za babu yake. Sikujua kama ni sifa. Nililiwaza neno hilo tangu geti la hifadhi hadi kwenye maziwa ya Momela.

Baada ya chakula cha mchana tairi la akiba lilianza kugonga. Dereva alisimamisha gari kando ya uwanda wa nyasi, akatuambia tubaki ndani, akaenda nyuma na spana. Nikawatafsiria wageni. Nadhani nilitafsiri kwa upole mno, maana bibi alifungua mlango, akashuka na kamera yake. Alikuwa amemwona yangeyange, mweupe, amesimama juu ya kitu cheusi nyasini. Yeye alimwona ndege. Mimi niliona amesimama juu ya nini: mgongo wa nyati dume, peke yake, amelala.

Kwetu Machame mtu wa umri wa bibi yako humwambii "rudi". Unamfuata alipo, unamwamkia, ndipo unaanza na "naomba". Nilipokuwa mdogo mbuzi walikula mahindi ya bibi yangu yaliyoanikwa wakati mimi bado namwamkia. Sasa nilifungua mdomo nikatafuta sentensi inayoweza kumrudisha mtu mzima bila kumwamuru. Niliipata. *Madame, nous eussions préféré que vous fussiez restée dans la voiture.* Tungalipendelea, bibi, kama ungalikuwa umebaki garini. Kila kitenzi mahali pake. Na niliisema polepole, kama ibada.

Bibi aligeuza kichwa, akatabasamu, akaweka kiganja sikioni. Hakusikia. Akapiga hatua nyingine. Ndege akaruka. Nyati akasimama.

"Wewe bibi! Rudi!"

Dereva aligonga bodi ya gari kwa spana, akapiga kelele kwa Kiswahili, lugha ambayo bibi hakujua hata neno moja. Bibi alikimbia, fimbo kwapani. Dereva akamsukumia ndani kama gunia. Nyati alitutazama, kisha akageuka na kuingia msituni. Mume wa bibi alicheka mpaka akatokwa machozi. Yangu yalitoka bila kicheko.

Jioni tajiri, mwenye kampuni, alikuwa akitungoja kule Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, kwenye gereji ambako magari yake hulala.

"Kifaransa anacho?"

"Anacho," dereva akajibu, akifuta mikono. "Kingi, mpaka kinamziba mdomo." Alimweleza yote, hakuficha. Nilitazama viatu vyangu.

"Basi hafai."

"Ngoja kwanza." Akanigeukia. "Mimi ndiye yule bibi. Nyati yuko pale barabarani. Niite, kwa Kifaransa." Akatupa mgongo, akaanza kutembea kuelekea malori ya Nairobi.

"Mzee, samahani, naomba..."

"Nimeshakufa!" akajibu bila kugeuka. Mafundi wakaangua kicheko. Akarudi, akaanza upya.

"*Monsieur, s'il vous plaît...*" Bwana, tafadhali.

"Nimekufa tena! Watoto wangu wanalia, msomi!"

Mara ya tatu alikuwa karibu na lami kweli, na lori kweli lilikuwa linakuja. "*Revenez!*" Sauti ilitoka mahali nisipopajua. Fundi mmoja aliangusha ufunguo.

Dereva akasimama, akageuka. "Sijui umesema nini," akasema, "lakini nimerudi."

Tajiri alikuna kidevu. "Alhamisi kuna wengine."

Nilimkimbilia mzee. "Shikamoo. Nisamehe kwa kukupigia kelele."

"Marahaba. Usirudie kuomba msamaha."

Kesho yake alfajiri nilikuwa nyuma ya nyumba nikifoka *Revenez!* mama mdogo alipotoka mbio na mwiko mkononi.

"Nani kavamiwa?"

"Hakuna, mama. Nasoma."

Akashusha mwiko. "Haya, soma. Lakini jirani ameshaamka, kamwamkie kwanza."

Nikaenda. Njiani nikawa nawaza: na Alhamisi nikimpigia mtu kelele kwa ajili ya jiwe nililodhani ni nyati?