Tulivyoteremka Malanja Injini Imezimwa

Niliondoka Karatu kwa sababu ya surua. Mzee mmoja alikuwa ametembea siku mbili kutoka Olbalbal kuja kutuambia kwamba ugonjwa umeingia kwenye maboma yao, na watoto wawili wamekwisha fariki. Wakati huo nilikuwa muuguzi katika zahanati moja pale Karatu, nina miaka ishirini na minne. Mama yangu alizoea kusema kuwa mimi siwezi kungoja hata chungu kichemke, na alisema kweli.

Chanjo tulikuwa nayo. Ilifika jana yake kutoka Arusha ndani ya boksi dogo lenye barafu. Lakini jokofu letu la mafuta ya taa lilikuwa limeharibika, na gari la zahanati lilikuwa limepandishwa juu ya mawe, springi imekatika. Ilikuwa ile miaka ambayo hata petroli ilipatikana kwa kibali. Mganga wetu alifungua boksi, akagusa barafu kwa kidole, akasema, "Hii itafika jioni. Kesho itakuwa maji, na chanjo itakuwa bure."

Mtu pekee aliyekuwa na chombo na petroli siku ile alikuwa Tluway, bwana mifugo. Alikuwa kijana wa Kiiraqw kama mimi, mcheshi, anayependwa na kila mtu, na aliendesha pikipiki ya serikali kama mtu anayefukuzwa. Watu walimwita Upepo, na jina lilimfurahisha.

"Nipe huyo dada na boksi lake," alimwambia mganga. "Saa sita watoto wanachanjwa."

Mganga alinitazama mimi, si yeye. "Martina, unaweza kukataa. Tutatafuta njia nyingine."

"Njia ipi?" nilimuuliza. Akafunga boksi, akanikabidhi.

Saa moja asubuhi tuliondoka. Nilivaa suruali ya kaka yangu ndani ya gauni, nikajifunga boksi mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Mvua ilikuwa imekatika majuma mengi, na udongo mwekundu wa Karatu uliinuka nyuma yetu kama moshi. Tulipita mashamba ya mahindi na ngano, tukapita watu waliokuwa wakienda mashambani na majembe begani. Tluway alipiga honi, nao wakarukia majanini. Mmoja alitutukana kwa Kiiraqw, Tluway akacheka. Mimi nilifumba macho, nikashika koti lake kwa mikono miwili. Kila gurudumu lilipoingia shimoni nilisikia chupa zikigongana mgongoni. Nilitaka kumwambia apunguze. Halafu nikakumbuka barafu, nikanyamaza.

Saa mbili kasoro tulifika kwenye lango la hifadhi. Mlinzi wa pale, mtu mzima mwenye koti zito, alikuja polepole huku akikunja shingo kwa baridi.

"Huko juu kuna ukungu," alisema. "Nyati wanavuka. Nenda taratibu, kijana. Umebeba nani?"

"Nimebeba chanjo, mzee."

"Sikuuliza mzigo. Nimeuliza mtu."

Tluway akageuka kunitazama kana kwamba ndiyo kwanza anagundua kuwa nipo. "Huyu ni Sista Martina," akasema. Mzee akanisalimia vizuri, akafungua kizuizi. Niliona ametikisa kichwa, ila sikujua anatikisa kwa ajili ya nani.

Msituni barabara ilipanda kwa kona baada ya kona, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliona mabega ya Tluway tu. Maji yalidondoka kutoka kwenye miti yakaingia shingoni mwangu. Kwenye kona moja kitu cheusi kilisimama mbele yetu. Tluway alipinda, tairi ikakwaruza ukingo, tukapita. Nilipogeuka nikaona pembe za nyati zikirudi ndani ya ukungu.

"Umeona?" alipiga kelele kwa furaha. "Wengine wangekuwa wamelala hapo!"

Nilizidi kulikaza koti lake. Lakini nitasema ukweli wote: ndani ya ile hofu kulikuwa na kitu kama raha. Tulikuwa tunakwenda. Tangu jana nilikuwa nimekaa nikitazama barafu ikiyeyuka, na sasa tulikuwa tunakwenda.

Mdomoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano, tulisimama kidogo. Chini hapakuonekana kitu, ukungu ulikuwa umejaa kama maziwa ndani ya kibuyu. Nilifungua boksi. Barafu ilikuwa imepungua kuliko nilivyotazamia, na vipande vilielea majini.

"Imebaki kiasi gani?" aliuliza Tluway.

"Kidogo. Tutafika saa ngapi?"

Alitikisa tangi la petroli, akasikiliza. "Mafuta nayo si mengi. Lakini kuanzia bonde la Malanja ni mteremko. Nikizima injini tunashuka bure, tena kwa kasi kuliko gari. Nimeshafanya hivyo mara nyingi."

Nilijua kidogo juu ya magari, lakini kwa hili nilijua vya kutosha. Baba yangu aliwahi kuendesha trekta katika mashamba ya kahawa ya Oldeani, na alitufundisha kuwa mteremkoni injini nayo ni breki. Neno lilifika kwenye ulimi. Ningelisema, angenisikiliza, hakuwa mtu mbaya. Badala yake nilisema, "Basi teremka."

Yapata saa tatu na nusu tulivuka bonde la Malanja. Jua lilikuwa limetoka, nyasi zilikuwa kavu na fupi, na mbele nyika ilianza kufunguka, ya kijivu, isiyo na mwisho. Tluway akazima injini. Ghafla nilisikia upepo tu, na changarawe zikiruka chini yetu. Barabara ilikuwa na mikunjo midogo midogo kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, na kadiri tulivyozidi kasi ndivyo pikipiki ilivyozidi kutetemeka.

Baada ya kona walikuwapo wanawake watatu na punda wao, wamebeba madumu ya maji. Walikuwa wanatembea katikati ya barabara, wametugeuzia mgongo. Hawakutusikia. Wangetusikiaje? Tulikuja bila mlio.

Tluway alipiga kelele na kukanyaga breki. Gurudumu la nyuma likateleza, tukampiga punda mmoja ubavuni, dumu likapasuka, kisha nikaona mbingu na ardhi vikibadilishana nafasi.

Nilipojikuta niko hai, nilikuwa nimelala ubavu kwenye majani, mdomo umejaa vumbi. Boksi lilikuwa limechomoka na kufunguka. Vipande vya barafu vilitawanyika kwenye vumbi, na mwanamke mmoja alikuwa amechuchumaa akivitazama kwa mshangao. Tluway alikuwa chini ya pikipiki. Hakuwa analia. Nilipofika kwake nikaona sababu: alikuwa akiutazama mguu wake. Mfupa wa muundi ulikuwa umetokeza nje.

Tulimtoa sisi wanne. Yule mwanamke wa barafu, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Ngoto Saruni, yaani mama yake Saruni, alifungua dumu moja lililosalia zima akaniletea. "Osha," alisema. Kiswahili chake alikijifunza mnadani, kilikuwa kifupi lakini kilitosha. Nilijua kuwa maji yale wameyafuata tangu kabla ya jua kuchomoza. Niliosha kidonda, nikachana kitenge changu, nikafunga mguu kwa fito mbili tulizozitoa kwenye tandiko la punda. Tluway aliuma mkono wa koti lake.

Kisha nikaokota chupa. Zaidi ya nusu zilikuwa zimevunjika. Nilikusanya barafu yote niliyoweza, chafu kama ilivyokuwa, nikafunga boksi kwa kamba.

Hapo ndipo nilipokwama. Muuguzi hamwachi mgonjwa barabarani. Na chanjo haingojei.

"Nenda," alisema Tluway. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Martina, nenda. La sivyo nimevunjika bure."

Wanawake wawili wakasema watakaa naye, wakamtengenezea kivuli kwa shuka zao. Ngoto Saruni akashika kamba ya punda aliyeumia, akaanza kutembea. Nikamfuata.

Tulitembea zaidi ya saa tatu. Punda alichechemea, mimi nilichechemea. Jua lilikuwa kali na vumbi la Olbalbal ni laini kama unga, linaingia hadi kwenye meno. Nilitaka kukimbia, kila hatua niligusa boksi kuona kama bado lina ubaridi. Ngoto Saruni hakuharakisha wala hakupunguza.

"Mlikimbilia wapi?" aliniuliza mwishowe.

"Kwenu. Kwa watoto."

"Mimi pia nakwenda kwa watoto," alisema. "Wewe umekimbia, mimi nimetembea. Tunafika pamoja." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Saa nane tulifika bomani. "Takwenya," niliwaamkia akina mama, wakaitikia, "Iko," wakaleta watoto bila kuulizwa. Nilichanja huku barafu ya mwisho ikigeuka maji. Chupa ya mwisho ilipokwisha, watoto kumi na mmoja walikuwa bado kwenye mstari. Mama mmoja alikuwa amekwisha kumvua mwanawe shuka, ameshika kijimkono chake tayari. Nilimwambia imekwisha. Hakuelewa, akaendelea kukishika. Ngoto Saruni akamweleza kwa Kimaasai, naye yule mama akamfunika mtoto taratibu, akaondoka.

Nililala kwenye nyumba ya Ngoto Saruni. Alinipa maziwa, na juu ya maji yaliyomwagika hakusema neno. Asubuhi nilirudi kwa miguu hadi barabarani. Pikipiki ilikuwa imelala palepale, lakini Tluway hakuwapo. Baadaye nilijua kuwa wale wanawake walikuwa wamesimamisha lori jioni iliyotangulia, likampeleka hospitali. Nami nilipata lori lililorudi Karatu. Dereva alipita Malanja, sasa ikiwa ni kupanda, kwa gia ndogo, polepole kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani sikutamani aongeze mwendo.

Wiki ya pili nilikwenda kumwona Tluway. Walikuwa wameukata mguu chini ya goti. Ndugu zake walikuwa wamejaa wodini, na mjomba wake alikuwa akisimulia jinsi wanawake wa Kimaasai wanavyoachia punda barabarani bila kujali watu. Wengine waliitikia. Tluway alitazama ukuta.

Ilikuwa rahisi kunyamaza tena. Nilisimama miguuni pa kitanda. "Mjomba, shikamoo. Punda walikuwa barabarani kabla yetu. Sisi ndio tuliokuja tumezima injini, kwa kasi. Alizima yeye, lakini aliniambia kwanza, nami nikamwambia ateremke."

Mama yake Tluway akageukia dirisha. Hajawahi kunisemesha tangu siku ile, nami simlaumu. Tluway ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Ni kweli, mjomba. Wale akina mama walikaa nami kivulini siku nzima. Usiwaseme."

Nimepanda pikipiki mara nyingi tangu wakati huo, maana kazi yetu haina njia nyingine. Watu wakinisikia nikimwambia dereva apunguze, huniita mwoga. Nawaacha. Nilidhani abiria ni mzigo, hana neno, na kwamba ajali ni ya anayeshika usukani. Safari ya Olbalbal ilinifundisha kwamba anayekaa nyuma naye anaendesha, kwa mdomo wake au kwa ukimya wake. Chanjo nyingine ilifika baada ya majuma matano, nikaipeleka mwenyewe kwa gari. Kati ya wale kumi na mmoja, niliwakuta tisa wakiwa hai.