Stuli ya Baa Kihambani

Kiti cha magurudumu alicholeta dada yetu kutoka Dar kilikaa kwa baba karibu mwaka mzima, na kazi yake kubwa ilikuwa kubeba majani ya ng'ombe. Mama alikijaza majani ya migomba akakisukuma hadi zizini, na baba, akiwa kwenye benchi lake mbele ya nyumba, alimwambia kila mara, "Angalau kimepata mgonjwa wake."

Nyonga ya baba ilikuwa imekwisha. Kwa fimbo aliweza kutoka kitandani hadi mezani, na kutoka mezani hadi kwenye benchi, basi. Na kwetu Old Moshi ardhi yote imeinama. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na kahawa pamoja, kinashuka kutoka mlangoni hadi kwenye mfongo, mfereji wa maji uliochimbwa na babu zetu. Kando ya mfongo pana uwanja mdogo ulio sawa. Hapo ndipo tunapochinja mbuzi kila Desemba, ndugu wote waliotawanyika wanaporudi nyumbani, na hapo ndipo baba alipozoea kugawa nyama kwa mkono wake, akiita mtoto mmoja mmoja kuanzia mkubwa.

Desemba moja alishindwa kushuka. Tulitaka kumbeba, akakataa. Kaka yetu mkubwa akagawa badala yake, na fungu la baba tukalipeleka juu kwenye jani la mgomba. Alilitazama, akalifunika.

"Nyama ya kuletewa ni ya mgonjwa au ya mtu aliye safarini," alisema. "Mimi siko safarini."

Akampa mbwa. Kisha akatuambia kwamba mwaka unaofuata hakuna mbuzi atakayechinjwa kwenye kihamba chake huku yeye akitazama moshi kutoka kwenye benchi. Ama ashuke, ama tule wali na maharage kama watu wa bweni.

Mimi ni kitinda mimba. Kwa desturi yetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi nyumba ya wazazi, na watu hudhani hiyo ni bahati. Ni bahati, lakini kabla ya nyumba unarithi paa linalovuja, ng'ombe anayeumwa na simu za alfajiri. Nina karakana ndogo mjini Moshi, nachomelea mageti na madirisha. Jumatatu hadi Jumamosi nilikuwa nimeinama juu ya moto, na Jumapili nikapanda mlima kuona wazazi. Mwaka ule nilichoka mpaka nikawa nasinzia kanisani nikiwa nimesimama. Sisemi hivi kwa kulalamika. Nadhani wako wengi wanaowahudumia wazazi wao na wanaona aibu kusema kwamba wamechoka. Semeni tu. Uchovu hauna maana kwamba humpendi mtu.

Jumapili moja nilimwonyesha baba video kwenye simu, ili tu tuwe na la kufanya zaidi ya kuangalia barabara. Vijana wa nchi za mbali walikuwa wamechukua stuli za baa, zile ndefu za kaunta, wakazifunga juu ya fremu yenye magurudumu na injini, na sasa walikuwa wanashindana mbio, magoti juu, wakicheka. Baba alishika simu kwa mikono miwili. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hicho sasa ndicho chombo cha mwanamume," akasema. "Nitengenezee hicho, nitashuka nacho."

"Baba, hicho ni mchezo."

"Na mimi nimekuomba dawa?"

Hivyo ndivyo nilivyojipatia kazi nyingine juu ya kazi.

Stuli niliipata Bomang'ombe, kwenye baa iliyokuwa inabadilisha viti. Injini ilitoka kwenye pampu ya kumwagilia ambayo mwenyewe alikuwa ameitelekeza karakanani kwangu, akanipa kwa moyo mweupe. Matairi ni ya toroli. Breki na cheni nilitoa kwenye pikipiki iliyokufa. Nikishafunga kazi za wateja, jioni kabla giza halijaingia, nilitengeneza ya baba kidogo kidogo.

Ukitaka kujaribu kitu cha namna hii, usiogope, si uchawi. Anza na fremu. Kata bomba zako za mraba, zipange chini kwenye sakafu iliyo sawa, kisha zishikishe kwa nukta ndogo za moto kwenye kila kona kabla ya kuchomelea kikamilifu. Chuma kinapopoa hujivuta. Ukimaliza upande mmoja kwanza, fremu yote itapinda kuelekea huko, na hutaamini kwamba ni wewe uliyeipima. Kisha injini. Usiifunge moja kwa moja kwenye gurudumu, maana itazimika au itakurusha. Katikati weka klachi ile ndogo ambayo injini ikizunguka polepole inateleza tu, na ikizunguka kwa nguvu inashika. Ni kama mtu mpole anayekushika mkono pale tu anapoona umeshaamua kwenda. Gia ya cheni ya mbele iwe na meno machache, ya nyuma iwe na mengi. Utapoteza mwendo lakini utapata nguvu, kama unavyofupisha hatua unapopanda mlima.

Kila nilipovua miwani ya kuchomelea macho yalikuwa yanawasha kama yametiwa mchanga. Mke wangu aliniuliza kwa nini nisimlazimishe tu mzee akae kwenye kile kiti cha dada. Nikamwambia, mtu aliyezoea kugawa hawezi kufika kwenye mgao akiwa amesukumwa kama majani. Akanitazama, akaniwekea chai.

Chombo cha baba nilikijaribu mjini, kwenye uwanja wa sementi mbele ya karakana. Kilinguruma, kikaenda, kikakata kona, kikasimama. Mafundi wenzangu walipiga makofi. Siku moja kabla ya kuchinja tukakipakia kwenye pikapu tukapanda nacho.

Ndugu wote walikuwa wamefika. Baba alikuwa kwenye benchi, amevaa koti lake la kanisani. Nilimsalimu, "Shikamoo baba," akaitikia "Marahaba" bila kuniangalia, macho yakiwa kwenye stuli.

"Nianze mimi kwanza," nikasema. "Tuone njia."

Njia ya kushuka mfongoni haiendi moja kwa moja. Inakata kihamba kwa ubavu, upande mmoja juu, upande mwingine chini. Nilivuta kamba, injini ikawaka, nikapanda. Sikufika hata kwenye migomba ya kwanza. Nilikaa juu sana, ardhi ilikuwa imeinama, na stuli ikalala taratibu kabisa, bila haraka, ikanitupa kwenye mashina ya kahawa. Injini iliendelea kunguruma, gurudumu moja likizunguka hewani.

Kisha nikamsikia baba.

"Wewe umekaa mjini mpaka umesahau kwamba kwenu kumeinama!"

"Dogo," kaka akaita kutoka juu, kicheko kimembana, "hicho kitu kina bima?"

Nilibaki nimelala pale nikitazama majani. Nilikuwa nimezaliwa kwenye ule mteremko. Nilikuwa nimejifunza kutembea juu yake. Na kwa muda wote ule wa kupima na kukata, sikuwahi kupima mwinamo. Sikutaka kuinuka. Kama mtu angenifunika blanketi, ningelala palepale kwenye kahawa.

Lakini mbuzi alikuwa ameshafungwa kwenye mti, na mzee alikuwa ameshavaa koti. Kitu kirefu kikianguka, dawa yake ni kukishusha. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo mashine ya kuchomelea niliyokuja nayo ilikuwa mzigo tu. Nikachukua msumeno wa chuma nikakata miguu ya stuli kwa mkono, kaka akiwa ameishikilia na kulalamika kuhusu viganja vyake vya ofisini. Kisha nikachukua keke, ile ya kutobolea mbao aliyokuwa akitumia baba enzi zake, nikaanza kutoboa fremu ili nifunge kiti kwa boliti. Kutoboa chuma kwa keke ni kazi ya kumwomba Mungu. Unazungusha, unazungusha, unaona unga mdogo wa chuma, unazungusha tena. Jioni ile nilifunga boliti ya mwisho.

Baba alikiangalia kwa huzuni.

"Niliahidiwa stuli ya baa. Hiki ni kigoda."

"Ni kigoda chenye injini, baba."

Akafikiri.

"Kitalia?"

"Kitalia."

"Haya."

Asubuhi tulimkalisha. Nilifunga kamba ya ng'ombe nyuma ya fremu, nikaizungusha kiunoni mwangu, maana breki peke yake sikuiamini tena. Nikamweleza kwamba kushuka hakuhitaji injini, mteremko wenyewe unatosha.

"Kwa hiyo nishuke kimya kama gunia? Washa!"

Nikawasha. Kaka alitembea ubavuni upande wa chini, mkono begani kwa baba. Mimi nyuma nilijivuta kinyumenyume, visigino kwenye udongo, kamba ikinikata kiuno, moshi wa injini ukinijia usoni. Jirani yetu, mama mmoja mzee, alitokea kwenye ua wa masale, mimea tunayopandia mipaka.

"Meku!" akapiga kelele, kama tunavyowaita wazee. "Unakimbilia wapi na hiyo?"

"Baa!" baba akajibu, na akaongeza mafuta.

Tulifika. Kwenye ule uwanja ulio sawa kando ya mfongo baba hakutuhitaji tena. Alizunguka mwenyewe mara mbili kuwatawanya kuku, akasimama mbele ya majani ya mgomba yaliyotandikwa, akanyoosha mkono apewe kisu. Nilifungua kamba kiunoni. Nilitaka kuona mgao, nilikuwa nimeufanyia kazi miezi. Nikaketi chini nikaegemea mgomba, ili nipumzike kidogo tu wakati mbuzi anachunwa.

Kilichoniamsha ni ngurumo. Nilifungua macho nikaona gurudumu la toroli karibu na mguu wangu. Moto wa nyama ulikuwa umeshashuka, watoto walikuwa wanatafuna, mama alikuwa anamimina mbege, pombe yetu ya ndizi. Baba alikuwa mbele yangu kwenye stuli yake fupi, mafuta mengi yamemwagika kwenye koti la kanisani, na mapajani ana jani la mgomba lililokunjwa.

"Nimeita mtoto wa mwisho," alisema, "hakuitika."

"Samahani, baba. Nilisinzia."

"Nimeona. Ulikuwa unakoroma kuliko injini."

Akaniwekea jani mikononi. Lilikuwa la moto.

"Hii ni ya kuletewa," nikamwambia. "Ya mgonjwa, au ya mtu aliye safarini?"

Baba alitazama juu, kule nyumba ilipo, kwenye njia yote ile inayokata mteremko, kisha akanitazama mimi.

"Ya mtu aliyechoka," akasema. "Kula ushibe. Kupanda bado."

Akageuza kigoda chake akarudi kwa wenzake. Nikala nikiwa nimekaa palepale. Nyama ilikuwa na harufu kidogo ya petroli.