Dieudo hakuwa na bombe, alikuwa na parachute

Tangu juzi naandika, nafuta. Nakaa ku machine ya kushona, nasimama. Dieudo alikufwa, na mukono yangu ingali inatafuta namba yake mu telefone kusudi aniambie ni uongo.

Bale banamujua, banajua. Bale hamumujui: Dieudo ni ule déclarant wa mizigo ku douane, wa hapa kwetu ku commune Kenya (haiko ile inchi), nyuma ya soko, mwenye alikuwa anatengeneza tufusée tudogo twa kurusha juu. Pour le plaisir, basi. Tulikomea avenue moja tangu utoto. Miye Mwavita, fundi wa kushona, njo nilikuwa namushonea parachute.

Naandika sababu mu magroupe ya WhatsApp banasema alilipuka na bombe yake. Apana. Aligongwa na camion asubui, iko ku pikipiki, anaenda ku kazi, na chemise ya kupigwa pasi. Mama yake iko na telefone. Ile bintu yote munatuma, anasoma.

Nikumbuke siku alinifikia ku atelier na parapluie muzima, mwavuli nyekundu, ya maua meupe.

"Ya Mwavita, kata hii."

"Ni ya nani?"

"Ya mama."

"Anajua?"

"Atajua."

Alijua siku ya yenga, mvua ilipomukuta anatoka ku misa. Dieudo alilala kwa shemeji yake hiyo siku. Parachute ilikuwa imekwisha kushonwa, tungefanya nini?

Mara ya kwanza tuliirushia ku shamba ya nonkoo yake, mujomba, mbele ya Kasomeno. Ilipanda mpaka shingo inauma. Siye bote tunapiga makelele, yeye anangojea tu. Ile maua meupe ilipofunguka kule juu, njo alianza kulia, mutu muzima na kravate.

Nilimuuliza sababu gani hafurahi inapopanda. Asema: "Kupanda haina kazi, ya Mwavita. Kazi ni kushuka pole pole."

Bon. Sasa ile ya barrière.

Mujue déclarant ni mutu wa namna gani. Kazi yake ni kusema kintu yote iko mu mizigo, na jina yake. Hata ukienda naye ku soko, anakuhesabia nyanya. Siku tunaenda kurusha tena, tunafika ku barrière, route ya Kasenga, agent anauliza: "Munabeba nini?" Mutu mwingine yeyote angesema bintu ya masomo, tupite, tukule samaki. Dieudo anajinyoosha, anadeclarer: "Roketi."

Alijifunza mu mavideo ya kizungu, huko banaita roketi. Siye huku tunasema fusée. Roquette, kwa kifaransa, ni ile ya vita.

Agent anauliza tena: "Roquette?"

"Eeh, roketi. Niliitengeneza miye mwenyewe."

Na anacheka, na fierté yote, kifua mbele. Nilimukanyaga muguu, ayayaa, ilikuwa imekwisha.

Balichukua yote, na parachute mu sachet, mufuko yake. Tangu hapo banatuita ku bureau, convocation juu ya convocation. Kila tukifika, chef iko mu réunion. Siku chef hayuko mu réunion, anauliza: nani anakutuma? Nani alikufundisha? Cible ni nini, unataka kupiga nani?

Dieudo asema: "Chef, bombe iko na parachute? Mutu wa kutupa bombe anahangaika vile itashuka?"

Chef aliandika.

Sisemi banaogopa bure. Mu hii inchi yetu tunajua silaha inafanya nini, kuko bantu balikimbia vita, tunaishi nabo mu parcelle moja. Mimi pia ningeuliza. Lakini ukiuliza, basi sikiliza. Fungua ile sachet, angalia.

Dieudo hakukaa tena na roho yake. Jeep ikipita, anasimama. Ukisema roketi mbele yake, anakukatiza: "Fusée. Sema fusée." Anakula nusu, anasukuma sahani. Ku kazi balianza kumuita Bin-Roquette, na balifikiri ni mchezo. Inanikasirisha mpaka sasa.

Jana, ku kilio, ule agent wa barrière alikuya. Bila uniforme, na sachet mu mukono. Nilisimama kusudi nimufukuze, kweli.

Alipiga magoti mbele ya mama. Asema tube, ile mwili ya fusée, chef hairudishi, bado banachunguza, enquête inaendelea. "Lakini hii ni kitambaa tu, mama. Niliiomba."

Mama alifungua. Aliangalia ile maua meupe, aliangalia sana.

"Hii ni parapluie yangu."

Mutu mumoja alicheka, halafu siye bote tulicheka, halafu hakuna mwenye aliweza kucheka tena.

Mama hakulia. Alimushika agent mukono. "Papa, wewe njo ulikamata mutoto wangu. Sema hapa, bantu basikie. Bombe iko na parachute?"

Agent aliangalia chini. "Apana, mama. Haiko bombe. Haikuwa bombe."

Ile alisema mbele ya bantu bote ba kilio. Tumeni ile pia mu magroupe yenu.

Leo tulimuzika. Mama alitandika parachute juu ya sanduku, akaniita nifunge nyuzi ku mikono ya sanduku, sababu anasema miye njo najua. Nilifunga. Balipoanza kuachilia kamba, alibasemesha bale bakijana mara moja tu: "Pole pole."

Dieudo, hakuna barrière tena, hakuna mwenye atakuuliza unabeba nini. Ulale muzuri, ndugu yangu. Shuka pole pole. Zile nyuzi nilizishona mara mbili.