Vile Baba Huniita

Mbugua wa Kabiria alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa shingo upande. Wenzake wa kichinjioni kule Dagoretti walimtania kwamba ng'ombe walimsikia akiongea zaidi kuliko mke wake. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumfungua kinywa, bintiye wa pekee, Wangeci. Msichana huyo alipewa jina la mama yake Mbugua, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu, kwa hiyo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni babake alimwita Maitu, yaani mama yangu. Alikuwa akifika nyumbani na buti zake za kazi, anaita mlangoni, "Maitu, nimerudi," na kale katoto kanamgombeza kama bibi kizee kwamba amechelewa.

Wangeci alikua, akapata kazi ya ukarani Karen, akajinunulia laptop. Kisha akahamia kwa mwanamume mmoja kabla wazee hawajajuana. Mbugua hakumfukuza wala hakumpigia kelele. Alichofanya ni kuacha Maitu na kumwita Wangeci. Mara ya kwanza msichana alimtazama, akadhani amesikia vibaya. Wakaendelea hivyo miaka miwili. Wangeci, habari ya kazi. Wangeci, funga mlango ukitoka. Halafu mvua za Aprili zikaja na nimonia, na Mbugua akamzika bila kumrudishia jina lake. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mfupa.

Muthoni, mkewe, hakuweza kuitazama ile laptop. Akamuuzia Gerishon, mwalimu wa hapo Riruta. Gerishon alipoiwasha alikuta bado inamjua Wangeci peke yake, ikidai neno la siri. Akaipeleka mjini, River Road, kwa fundi mmoja aitwaye Mbaluka, na Mbaluka akampigia Muthoni simu kumuuliza kama analijua neno hilo.

Jioni, wakinywa chai, Muthoni alimsimulia mumewe habari za simu ya fundi.

"Eti chini ya jina lake aliandika kitu cha kumkumbusha hilo neno," alisema. "Aliandika, vile baba huniita."

Mbugua akaweka kikombe chini.

"Nikamwambia mimi sijui mambo ya kompyuta. Akaniuliza kama kuna kitu tunataka huko ndani ama aioshe tu. Nikamwambia aioshe, baba Wangeci, ilikuwa imeshika vumbi tangu matanga."

Mbugua hakulala vizuri. Vile baba huniita. Je, msichana aliandika Maitu, au aliandika Wangeci, jina lile baridi la miaka miwili? Kama ni Maitu, basi hakuwa amemwondoa babake moyoni. Angeweza kupiga simu na kulitaja neno lenyewe, lakini alishindwa. Halikuwa neno la kumwambia mtu asiyemjua kwa simu. Alitaka kuliandika yeye mwenyewe, kwa kidole chake, na aone mlango ukifunguka.

Asubuhi akavaa koti la kanisani, akaenda River Road. Mbaluka alimpisha kiti kwa heshima. Laptop ilikuwa pale mezani, imewashwa, na mandhari ya majani mabichi yakijaza kioo chote. Mbugua aliuliza aandike wapi.

"Uandike nini, mzee?"

"Neno la msichana wangu."

Mbaluka akazima redio. Alieleza polepole kwamba kuosha mashine ni kufuta kila kitu, picha, barua, jina la mwenyewe, ibaki kama imetoka dukani. Ndivyo mafundi wanavyosema.

"Nilimuuliza mathe, mama yake msichana, kwanza," alisema. "Akaniambia nioshe. Pole sana, mzee. Singegusa kama ningejua."

"Kabla ya kuosha mlijaribu majina?"

"Tulijaribu mawili matatu. Yakakataa."

"Wangeci mlijaribu?"

Mbaluka aliona jinsi mzee alivyoushika ukingo wa meza. "Siwezi kukudanganya," alisema. "Mashine ni nyingi. Sikumbuki."

Mbugua alikitazama kile kioo. Akanyoosha kidole kimoja, akagusa herufi ya M, na hakuna kilichotokea, kwa maana mashine haikuwa tena na swali lolote la kumuuliza. Akamshukuru fundi, akaondoka. Kwenye ngazi aliketi akalia, watu wakipita kando yake na mizigo yao.

Alipofika nyumbani Muthoni alikuwa mlangoni, bado na unga mikononi. Alikuwa amelifikiria siku nzima, na naye amelijua neno.

"Ni Maitu, sindio?" akauliza. "Uliandika ikakubali?"

Mbugua aliona uso wake, na akaona kwamba akisema ukweli itabidi amwambie pia maana ya kuosha.

"Ilikubali," akasema.

Muthoni akafunika macho kwa ile mikono ya unga, akacheka na kulia kwa pamoja. "Nilijua," alisema. "Nilikuwa nakuambia huyo mtoto hakukukasirikia." Mbugua alimshika bega, akasema ndiyo, alikuwa akimwambia.